Tone la Oili Mpaka kwa Oduor

Tangu nirudi, hapa steji ya bodaboda hamjaacha kuniuliza. Mnaona pikipiki haivuji tena oili, mnaniona mimi nimepunguza maneno, mnasema, "Zeki, huko ulienda kufanyiwa nini?" Nimekuwa nikiwajibu kwa mkato kwa sababu abiria hasubiri hadithi. Sasa nimekaa nikaandika, kila mmoja asome kwa nafasi yake. Wengi wenu hamkumjua Oduor, kwa hiyo nitaanza naye.

Tobias Oduor nilikaa naye chumba kimoja Kambi Muru, Kibera, miaka minne. Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mimi nilikuwa mtu wa mjengo, wa kubeba mawe. Pikipiki hii tuliinunua pamoja. Mimi nikawa naiendesha, yeye akawa anaitunza. Alipomuoa Akoth nikahamia chumba cha pili, ukuta wa bati ukitutenganisha, na binti yao Hawi alipoanza kutembea, safari yake ya kwanza ilikuwa kutoka mlango wao mpaka wangu. Baadaye nikawa nampeleka nasari kila asubuhi, amekaa mbele yangu, ameshika tangi kwa mikono miwili.

Hawi alipata homa akiwa na miaka mitano. Akoth alinigongea asubuhi, akaniuliza kama tumpeleke hospitali. Nikamgusa mtoto paji la uso, nikasema, "Hii ni homa tu ya baridi. Tungoje kesho." Tulimpeleka kesho yake jioni. Siku ya nne alikuwa ametuacha.

Walienda kumzika kwao, upande wa Oyugis. Niliahidi kuwafuata na sikuwafuata. Oduor hakurudi tena Nairobi, wala hakuulizia pikipiki. Mimi nikahama Kibera nikaja hapa Kawangware, na mkiniuliza sababu nilikuwa nawaambia ni kazi. Hiyo sasa ni miaka miwili.

Kawangware hadi Kambi Muru

Oili ilianza kama jasho. Kila asubuhi nikitoa pikipiki ndani ya ploti naacha doa moja sakafuni, si kubwa kuliko kifuniko cha soda. Lilikuwa upande wa kushoto, chini ya injini, karibu na mnyororo. Fundi wa kwanza akabadilisha sili ya gia, ule mpira wa kuzuia oili. Doa likarudi. Wa pili akakaza boliti zote. Doa likarudi. Wa tatu akaniambia, "Boss, pikipiki ikizeeka inakojoa kidogo. Ongeza oili, songa."

Na kweli ningeongeza oili nikasonga. Lakini kila nilipopiga magoti kuangalia chini ya injini nilikuwa namuona Oduor, vile alivyokuwa akilala chali juu ya gunia, tochi mdomoni, akininyamazisha kwa mkono. Hakupenda kuambiwa mahali kitu kimeharibika. Alitaka aone mwenyewe.

Siku moja nikapeleka abiria Sarang'ombe, na kurudi nikapitia Kambi Muru. Sikuwa nimekanyaga ile ploti tangu nihame. Mama Pamela, jirani yetu wa zamani, alikuwa bado anauza sukuma mlangoni pake.

"Niaje, Zeki. Kumbe uko hai."

"Niko, mathe."

"Nilienda nyumbani, kule Oyugis, nikamuona Oduor. Ana kibanda kando ya barabara, anachomelea watu madirisha."

"Aliniulizia?"

Akamaliza kufunga fungu la sukuma kwanza. "Aliulizia pikipiki. Kama bado inatembea."

"Na mimi?"

"Nimekuambia alichouliza."

Akanielekeza kwa Oduor, njia panda baada ya soko la Oyugis, kushoto, kibanda cha bati jekundu. Akataka kunipa namba ya simu nikakataa. Nilijua nikipiga atasema nisije, au atasema nije, na vyote viwili nisingeweza kuvisikia kwenye simu.

Kawangware hadi Rironi

Niliondoka Alhamisi asubuhi. Kwenye keria nilifunga begi, sukari, majani ya chai na chupa mbili za oili. Nilipita Uthiru na Kikuyu, ukungu ukiwa mzito, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu. Pale Rironi, njia ya kushuka Mai Mahiu inapoachana na barabara kubwa, niliangalia kiatu changu cha kushoto. Kilikuwa kinang'aa kama kimepakwa rangi.

Hilo lilinishtua. Mjini tone lilikuwa moja kwa usiku mzima. Barabarani, injini ikipiga mwendo mrefu bila kupumzika, oili ilikuwa inasukumwa nje kama inafukuzwa.

Kando ya barabara palikuwa na mzee mmoja fundi, amevaa gambuti na kofia ya sufu. Akachutama, akakaza nati ya kumwagia oili, akapangusa mikono.

"Unaenda wapi na hii?"

"Oyugis, mzee."

"Oyugis ni wapi?"

"Karibu na ziwa."

"Naivasha?"

"Lile kubwa. Naenda kwa fundi wangu aiangalie."

Akanitazama, akatazama pikipiki, akatazama barabara inavyoteremka kwenye ukungu. "Fundi wako yuko mbali sana," akasema. "Kwani huku kwetu mafundi waliisha?"

Nilikunywa chai ya tangawizi aliyonimiminia, nikashuka bondeni.

Rironi hadi Ntulele

Chini ya bonde joto likanipokea. Nikavua koti Mai Mahiu, nikaelekea Narok, na kila nikisimama naona kiatu kimelowa zaidi. Ntulele nikaingia kwenye hoteli ndogo ya mama mmoja Mmaasai anayeitwa Nasieku. Niliagiza chai na chapati, kisha nikamwomba katoni ya kuweka chini. Nilitaka kuitandaza chini ya injini nione tone linaangukia wapi hasa.

"Katoni ya kuweka chini," akarudia.

"Ndiyo, mama. Kubwa kidogo, kama iko."

Akaingia nyuma akakaa sana. Chai ikaisha, chapati zikaisha. Aliporudi akaniita nimfuate. Alikuwa ameondoa magunia ya viazi kwenye stoo, amefagia, ametandaza katoni tatu, juu yake shuka nyekundu iliyokunjwa vizuri kama mto.

"Lala," akasema. "Wateja hawatakusumbua."

Nilifungua mdomo nimweleze, nikaona jasho la kufagia usoni mwake, nikaufunga. Nikalala. Sikudhani nitasinzia hata dakika moja, na nililala saa mbili nzima, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu Mama Pamela aniambie yale maneno.

Nilipotoka nikakuta Nasieku amesimama kando ya pikipiki, anaangalia doa kwenye vumbi.

"Hii ndiyo ilitaka katoni?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umeshatandika."

Akacheka akiwa amefunika mdomo kwa mkono. "Sikukosea, lakini. Macho yako yalikuwa yanaomba kulala." Akaniuliza kama huko niendako wananingoja. Nikasema hawajui kama naja. Akaingia ndani akatoka na chapati mbili amezifunga kwa gazeti, akaziweka juu ya begi.

Narok hadi Bomet

Narok nililala kwenye lojing'i nyuma ya stendi, na asubuhi nikaongeza oili kabla ya chai. Mashamba ya ngano pande zote yalikuwa yamevunwa. Mtu akiwa peke yake kwenye pikipiki, kichwa ndani ya helmeti, anasikia mambo ambayo mjini yanamezwa na kelele. Mimi nilikuwa namsikia Hawi. Alikuwa na tabia ya kuimba akikaa kwenye tangi, wimbo wa nasari wa kuhesabu, akifika saba anaruka mpaka kumi. Nilikuwa namrekebisha kila siku. Siku hiyo nilijikuta nauimba vile vile alivyouimba, bila nane, bila tisa.

Bomet mvua ikanikamata. Nikajikinga kwenye kibanda cha fundi mmoja, kijana mrefu jina lake Kiprono. Alikuwa hana kazi kwa sababu ya mvua, kwa hiyo aliichangamkia pikipiki yangu.

"Hii ni gasketi," akasema. "Tunafungua injini, kwa muda wa saa tatu tumemaliza." Tayari alikuwa ameshatoa spana.

"Usifungue."

"Itakufia njiani, buda."

"Usifungue, tafadhali."

Akaweka spana chini. "Sasa wewe unataka nini? Umekuja kwa fundi na hutaki fundi."

Mvua ilikuwa kubwa na hapakuwa na pa kwenda. Sijui ni kwa nini, lakini nilimwambia huyo mtu nisiyemjua jambo ambalo ninyi ninaokunywa nanyi chai kila siku sikuwahi kuwaambia. Nilimwambia kuhusu asubuhi ile, mkono wangu kwenye paji la uso la mtoto, na neno nililolisema. Nilimwambia kwamba siku ya mazishi nilivaa suti, nikafika mpaka stendi ya mabasi, nikakaa kwenye benchi mpaka basi likaondoka.

Kiprono alisikiliza huku akipangusa spana moja ile ile. Nilipomaliza akauliza, "Unaogopa huyo jamaa?"

"Naogopa mama ya mtoto."

Kisha akachukua chupa yangu ya oili akaongeza mwenyewe, taratibu, akichungulia kipimo. "Nimeacha kufungua," akasema. "Kama rafiki yako ni fundi, usimpelekee kazi iliyofanywa na mtu mwingine."

Bomet hadi Oyugis

Mvua ilinichelewesha mpaka nikalala Kisii. Asubuhi nilikuwa nimebakisha mwendo wa saa moja, na ndipo nguvu zikaniisha. Niliwasha pikipiki nikazima. Nikanywa chai ya pili. Nikatembea sokoni kama mtu mwenye shughuli, nikasimama mbele ya mama muuza ndizi, nikamwambia anifungie mkungu mzima.

"Ni za harusi ama za matanga?" akauliza, akichagua.

"Za matanga," nikasema, kwa sababu ndilo lilikuwa jibu lililo karibu na ukweli.

"Pole sana. Mnazika lini?"

"Walizika miaka miwili iliyopita."

Mikono yake ikasimama. Nilingoja anicheke, au aniulize mimi ni mtu wa aina gani. Akachukua chane nyingine, akaiongeza juu ya mkungu, akafunga vyote kwa kamba ya mgomba. "Basi enda," akasema. "Enda sasa."

Nikaenda.

Kwa Oduor

Kibanda cha bati jekundu nilikiona kwa mbali, na cheche za kuchomelea. Nilipokaribia cheche zikakoma. Oduor alisimama, akavua miwani yake nyeusi, na macho yake yakaenda kwenye pikipiki kabla ya kufika kwangu. Amekonda. Ndevu zimeingia mvi kidogo, na ni mtu wa umri wangu.

Nilizima injini. Alikuja akachutama upande wa kushoto, akapitisha kidole chini ya injini, akakisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Imeanza lini?"

"Wiki sita."

"Umebadilisha nini?"

"Sili ya gia."

"Si hiyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu baada ya miaka miwili.

Tuliisukuma mpaka nyumbani kwake, hatua chache nyuma ya kibanda. Akoth alitoka jikoni, akanipa mkono, akasema "Karibu," akarudi ndani. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kwa mkono ule mkavu sikuwa nimejiandaa.

Oduor akaleta mafuta ya taa na brashi. Tuliosha injini, yeye juu, mimi chini, kama zamani. Tukaiacha juani mpaka ikakauka kabisa. Kisha akaita jikoni aletewe unga wa muhogo, na Akoth akaleta kwenye bakuli, akasimama kando akiangalia. Oduor akapaka unga upande wote wa kushoto mpaka injini ikawa nyeupe.

"Upepo unadanganya," akaniambia. "Ukiendesha, oili inapeperushwa nyuma na kushuka chini. Unapoiona sipo ilipotokea. Washa."

Nikawasha. Tukapiga magoti, vichwa karibu kugusana. Injini ikapata moto. Kwa muda hakukuwa na kitu, kisha kwenye weupe wa unga mstari mwembamba wa kahawia ukatokea nyuma ya gia ndogo ya mnyororo, ukashuka polepole.

"Ile pale," nikasema. "Sili ya shafti ya mnyororo."

"Hapo ndipo inatokea. Lakini ona, sili bado ni nzuri. Kuna kitu kinaisukuma." Akazima. Akaanza kufuata kwa vidole bomba dogo la mpira ambalo injini inatumia kupumua, linalopanda kutoka juu ya injini kwenda chini ya kiti. Akafika mahali akasimama. "Hii keria nani alifunga?"

"Jamaa wa Kawangware. Ile ya zamani ilivunjika."

"Boliti yake imebana bomba." Akalegeza boliti. Bomba lilikuwa limekunjamana, limeshikana kabisa. Akakata kile kipande, akaliunganisha upya, akalipitisha mbali na boliti. "Injini ilikuwa inakosa pa kutolea hewa. Ikawa inatafuta mahali hafifu. Fundi yeyote angefungua asingeona kitu."

Tukapaka unga tena, tukawasha tena. Tuliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Unga ulibaki mweupe.

"Mmemaliza?" Akoth akauliza. Alikuwa hajasema neno tangu anikaribishe, na sasa alimgeukia Oduor. "Basi akamuone Hawi."

Kaburi liko upande wa chini wa boma, dogo, limezungushiwa mawe. Oduor alibaki nyuma akinawa mikono. Nilisimama na Akoth, na nikajua nisiposema wakati ule sitasema kamwe.

"Mimi ndiye nilisema tungoje," nikamwambia. "Ulitaka tumpeleke, mimi nikasema ni homa tu."

Alinitazama kama mtu anayejaribu kusikia redio ya jirani. "Ulisema hivyo?"

"Asubuhi ile. Ulikuja ukanigongea."

"Sikumbuki." Akatikisa kichwa. "Zeki, wiki ile kila mtu aliniambia ni homa tu. Mama yangu kwa simu aliniambia. Hata mimi nilikuwa namwambia Oduor. Hilo neno lako silijui." Akaokota jani lililokuwa juu ya mawe. "Mimi ninachokumbuka ni barabara. Tulikaa na mtoto hapa siku mbili kabla ya kuzika, na nilikuwa naangalia barabara. Kila pikipiki ikilia nasema ile ni ya Zeki. Hata wakati wanafukia nilikuwa bado nasikiliza."

Nikakaa chini kwenye nyasi. Akoth aliniacha nilie, hakunishika wala hakuondoka. Baadaye akasema, "Leo nilikuwa jikoni nikausikia mlio. Nikajua ni wewe kabla hujazima." Halafu akasema twende tule, omena zinapoa.

Tulikula ugali wa mtama na omena za ziwani, na ndizi zangu za Kisii. Jioni hiyo walinisimulia mazishi yote, tangu mwanzo, nani alihubiri, nani alipika, mvua ilinyesha saa ngapi, kama vile nilikuwa nimechelewa kwa siku moja tu.

Oyugis, na kurudi

Asubuhi nilimwambia Oduor pikipiki ni yetu sote na chumba hapa Kawangware kipo, arudi Nairobi. Alikataa bila ukali. "Siwezi kumwacha huyu mama na lile kaburi," akasema. "Na mimi mwenyewe siwezi."

Kwao mgeni husindikizwa. Akoth alinisindikiza mpaka mlangoni. Oduor akapanda nyuma yangu, mkono mmoja begani mwangu, kama tulivyokuwa tukitoka Kambi Muru kila asubuhi.

Tulipofika lami nikasimama ashuke.

"Mbele kidogo," akasema.

Tukafika soko la Oyugis. Nikasimama.

"Mbele kidogo, omera."

Tulipita mashamba ya miwa na mahindi, tukapita shule, tukapita vituo ambavyo angeweza kupata gari la kurudi. Kila nikipunguza mwendo nasikia mkono wake begani unanisukuma kidogo, nami naongeza. Mpaka tukaona majengo ya Kisii mbele yetu juu ya mlima.

"Sasa hapa," akasema. "Nikizidi hapa nitafika Nairobi."

Akashuka, akachungulia upande wa kushoto wa injini, akapitisha kidole chini, akakiangalia. Kikavu. Akavuka barabara akasimama upande wa magari yanayorudi. Mimi nilizima injini nikabaki upande wangu, lami ikiwa katikati yetu.

Gari la kwanza lilisimama. Akaongea na konda, likaondoka. "Lilikuwa limejaa," akaniambia kutoka ng'ambo. Mimi nilikuwa nimeviona viti vitupu dirishani. La pili likasimama, na hilo pia akaliacha, na hakunipa sababu wala mimi sikuuliza. Tulisimama hivyo, kila mtu upande wake, jua likipanda.

La tatu ndilo alipanda.